Waifai haishiki: uchambuzi wa kisa cha nyumba ya wageni mjini Kigoma

Kila lalamiko lililofika kaunta lilikuja na maneno yaleyale: "Dada, waifai haishiki." Mfanyabiashara wa mawese alisema hivyo. Afisa wa shirika aliyelala usiku mmoja akielekea Kasulu, upande wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alisema hivyo. Mama aliyekuwa akisubiri usafiri wa kurudi Kalemie naye alisema hivyo, kwa Kiswahili chake cha Kongo. Jibu la dada wa mapokezi nalo lilikuwa moja kwa wote: "Sahau mtandao, halafu ingiza paswedi upya."

Nyumba yenyewe iko Mwanga, na jina lake naliacha. Ina vyumba ishirini na kidogo, sakafu mbili, na ukumbi wa semina uani. Intaneti inaingia kupitia ruta ya laini ya simu iliyowekwa karibu na dirisha la mapokezi ili ipate 4G vizuri. Kutoka hapo kuna kisanduku cha pili chini ya kaunta kinachosambaza waifai na kuendesha ukurasa wa vocha. Kwa hiyo mgeni anahitaji vitu viwili: neno la siri la waifai, ambalo linaandikwa kwa kalamu kwenye kikadi, na namba ya vocha anayopewa akishalipia chumba. Mwanzoni kulikuwa na neno la siri peke yake. Vocha ziliongezwa baada ya vijana wa mtaani kulijua neno hilo na kuugeuza ukuta wa nje kuwa kijiwe cha kupakua video usiku kucha.

Mama mwenye nyumba alishahangaika sana kabla sijaitwa. Alibadilisha neno la siri. Alinunua kifaa cha kuongeza ishara, kikafungwa juu kwenye ngazi. Akapandisha bando. Malalamiko hayakupungua, na mimi niliitwa nimshauri bando gani kubwa zaidi linunuliwe. Nikamwomba asubiri kidogo, na nikamwomba dada wa mapokezi kitu kimoja: mgeni akisema haishiki, asimpe jibu lolote mpaka aone kioo cha simu yake, na akiruhusiwa akipige picha.

Picha zile ndizo msingi wa uchambuzi huu. Zilionesha kwamba nyumba haikuwa na tatizo kubwa la mtandao. Ilikuwa na matatizo madogo matano, kila moja na chanzo chake na dawa yake, ila vifaa vyote vilikuwa vimekubaliana kuyaeleza kwa namna moja isiyosema kitu. Na pale kifaa kilipojaribu kusema kitu, mara nyingi kilimtupia mgeni lawama.

Kinachotokea kabla ya alama kutokea juu ya kioo

Ni lazima tupite hapa haraka, maana bila hivyo yanayofuata hayataeleweka. Kuunganishwa na waifai si tendo moja. Kwanza simu inasikia jina la mtandao hewani. Kisha inajitambulisha kwa kisanduku na kuomba kupokewa. Kisha pande mbili zinahakikishiana kwamba zote zinalijua neno la siri, bila neno lenyewe kutajwa hewani. Kisha simu inaomba anwani ya IP, yaani namba ya kuitambulisha ndani ya mtandao, na kazi ya kugawa namba hizo hufanywa na huduma ya DHCP. Kisha inajaribu kuuliza jina la tovuti fulani kwa DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, na kugonga mlango wa tovuti hiyo kuona kama intaneti ipo kweli, au kama kuna ukurasa wa vocha umekaa katikati.

Kila hatua inaweza kukwama kwa sababu yake. Kiwango cha IEEE 802.11, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1997, kina hata orodha ya namba za sababu za kukataliwa au kukatwa. Namba 17 katika majibu ya kuomba kupokewa, kwa mfano, maana yake ni kwamba kisanduku kimejaa, hakiwezi kubeba kifaa kingine. Taarifa hiyo inafika hadi kwenye simu. Kufika kwenye macho ya mwenye simu ndiko kunakoshindikana mara nyingi.

Neno la siri ni sahihi, simu inasema si sahihi

Hili ndilo lililokuwa na picha nyingi kuliko yote, na ndilo lililompotezea dada wa mapokezi muda mwingi. Simu inasema kuna tatizo la uthibitishaji, au inamwambia mgeni aangalie nenosiri lake. Mgeni anaangalia. Liko sahihi. Anaandika tena. Inakataa tena. Anashuka ngazi.

Baadhi yao walikuwa wamekosea kweli, na walikuwa na haki ya kukosea. Kikadi kiliandikwa kwa mkono, na neno la siri lilikuwa na herufi kubwa, O, sifuri, na herufi ndogo ya l inayofanana na moja. Wengine waliishia herufi saba, na hapo kitufe cha kuunganisha kinabaki kijivu, hakibonyezeki, kwa sababu neno la siri la WPA2, mfumo wa ulinzi wa waifai uliotumika hapa, haliruhusiwi kupungua herufi nane. Simu nyingi haziandiki popote kwamba herufi hazijatosha. Mgeni anabonyeza kitufe kilichokufa na kuhitimisha kwamba simu imeganda.

Lakini wengine hawakukosea herufi hata moja. Wengi wao walilala vyumba vya nyuma, upande wa ukumbi, ambako ishara inapita kuta tatu za tofali kabla ya kufika kitandani. Kwa nini simu yenye ishara dhaifu ilalamikie neno la siri?

Jibu liko kwenye namna WPA2 inavyofanya kazi. Simu inachukua neno la siri pamoja na jina la mtandao, inavipitisha kwenye hesabu inayorudiwa mara 4096, na kutoka hapo inapata ufunguo. Kisanduku nacho kina ufunguo wake uliotengenezwa kwa njia hiyohiyo. Ndipo zinafuata barua nne za kupeana uhakika. Kisanduku kinatuma namba ya kubahatisha. Simu inajibu kwa namba yake, ikiwa imetia muhuri uliotokana na ufunguo. Kisanduku kinaukagua muhuri. Ukilingana, mazungumzo yanaendelea. Usipolingana, kisanduku hakisemi "umekosea". Kinaitupa barua ile kimyakimya, kinarudia ya kwanza, na baada ya kurudia bila mafanikio kinaikata simu. Sababu inayotajwa mara nyingi ni namba 15: muda wa kupeana uhakika umekwisha.

Sasa jiweke upande wa simu. Umetuma barua, hujajibiwa, umekatwa. Huenda neno la siri si lenyewe. Huenda barua yako imepotelea ukutani. Ni kama kupiga hodi kwenye nyumba isiyoitika: hujui kama wenyeji hawapo au wamekusikia wakanyamaza. Simu haina namna ya kujua, kwa hiyo inakisia, na mtengenezaji ameichagulia kisio la kumlaumu mwandishi wa neno la siri. Android imejaribu kupunguza uonevu huu: inaangalia kama simu iliwahi kuunganishwa na mtandao huohuo kwa neno hilohilo, na kama iliwahi, haikimbilii kusema neno la siri si sahihi. Ni busara nzuri, ila haimsaidii mgeni wa usiku mmoja, maana kwake kila mtandao ni mpya. Na ushauri wa "sahau mtandao" unafuta hata kumbukumbu hiyo ndogo.

Hapa ndipo nilipotulia zaidi katika kisa chote, kwa sababu kuna jambo ambalo watengenezaji wa ukurasa wa vocha hulipita. Simu haijui, lakini kisanduku kinajua. Muhuri usiolingana umefika mkononi mwake, kimeuona na kuutupa. Programu ya hostapd, ambayo vifaa vingi vya kusambaza waifai huitumia kwa ndani, huandika kwenye kumbukumbu zake kwamba kuna uwezekano neno la siri halilingani, na hutaja ni kifaa kipi. Ishara ikiwa ndiyo mbovu, mstari huo hauonekani. Kinachoonekana ni barua ya kwanza ikirudiwa bila jibu lolote. Kwa hiyo tofauti kati ya "umekosea" na "hatukusikii" ilikuwa imeandikwa muda wote, kwa saa na dakika, ndani ya kisanduku kilichokaa chini ya kaunta, magotini pa mtu aliyekuwa akiwaambia wageni waingize paswedi upya.

Nikasoma kumbukumbu za siku zilizopita nikizilinganisha na picha. Vyumba vya mbele: muhuri haulingani, yaani kikadi kibaya. Vyumba vya nyuma: ukimya, yaani ukuta. Kulibadilisha neno la siri, ile hatua ya kwanza ya mama, kulikuwa kumewaongezea taabu wa mbele na hakukuwagusa wa nyuma.

Siku za semina

Picha za aina ya pili zilikuja kwa mafungu. Ukumbi ukiwa na semina, kuanzia saa nne asubuhi hivi, simu zinakaa muda mrefu zikisema zinapata anwani ya IP, kisha zinakata tamaa na kurudi kuandika kwamba mtandao umehifadhiwa. Basi. Mtu aliyelipia chumba na anayengojea barua pepe anaambiwa mtandao umehifadhiwa. Sijawahi kukutana na ujumbe unaoonekana mtulivu hivyo katikati ya kushindwa.

Kompyuta za Windows zilikuwa na tabia yao. Zikikosa anwani zinajipa zenyewe moja inayoanza na 169.254, kisha zinajionesha zimeunganishwa ila hakuna intaneti. Fundi akiiona 169.254 anajua palepale kwamba DHCP haikujibu. Mgeni akiiona anaona namba.

Chanzo kilikuwa hesabu nyepesi. Kisanduku kiliwekwa kugawa anwani kuanzia 100 hadi 149, yaani hamsini, na kila anwani ilikodishwa kwa siku tatu. Mgeni akiondoka asubuhi na mapema kuwahi boti Kibirizi, anwani yake inabaki imefungiwa jina lake siku mbili zaidi. Weka simu na laptopu za wageni wa jana na juzi, televisheni za vyumbani, kamera ya geti na simu za wafanyakazi. Wakija wanasemina arobaini na simu zao, hakuna kilichobaki. Bando lingepandishwa hadi mwisho wa dunia, mlango ungeendelea kufungwa.

Dawa ilikuwa kupanua mgawo ufike anwani mia mbili na kufupisha ukodishaji uwe wa saa chache. Ni kazi ya dakika chache. Kisanduku chenyewe, wakati wote huo, kilikuwa kinaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba anwani zimekwisha, ila hakuna binadamu aliyepangiwa kuzisoma.

Ukurasa wa vocha

Waliovuka hatua zote hizo walikutana na ukurasa wa vocha, au hawakukutana nao. Simu ikishapata anwani hujaribu kufungua ukurasa mdogo wa majaribio. Android huuliza anwani ya Google inayotakiwa kurudisha jibu tupu lenye namba 204; iPhone huuliza ukurasa wa Apple unaotakiwa kusema neno moja la mafanikio. Jibu likija tofauti, simu inaelewa kuna mtu katikati na inamletea mgeni taarifa ya kuingia. Mgeni akiifuta taarifa ile bila kusoma, kama tunavyofuta taarifa nyingi, imekwenda. Anafungua kivinjari, anaandika tovuti yake, na kwa kuwa tovuti karibu zote siku hizi ni za HTTPS, yaani mawasiliano yake yamefungwa kwa siri na kivinjari hukagua cheti cha tovuti, kisanduku kinachojaribu kumgeuza njia kinaonekana kama mwizi. Kioo kinajaa onyo kwamba muunganisho si salama. Afisa mmoja aliyeona onyo hilo alimshauri mama mwenye nyumba aite polisi.

Uamuzi wetu hapo ulikuwa kuacha kabisa kugeuza njia kwa HTTPS. Bora ukurasa ushindwe kufunguka kuliko kumwonesha mtu onyo la wizi ambalo si la kweli, na kumzoesha kubonyeza "endelea" siku lile la kweli litakapokuja. Badala yake kikadi kikapata mstari mmoja: ukurasa wa vocha usipojitokeza wenyewe, fungua kivinjari uandike 10.0.0.1, ambayo ni anwani ya kisanduku chenyewe. Iko njia rasmi iliyotolewa mwaka 2020 ambayo DHCP inaiambia simu moja kwa moja ukurasa wa kuingilia uko wapi, na Android 11 na iOS 14 zinaielewa. Hatukuitumia kwa sababu inadai cheti cha usalama kinachohuishwa mara kwa mara, na katika nyumba hii hakuna wa kukihuisha.

Ukurasa wenyewe ulikuwa wa Kiingereza, na ulikuwa na jibu moja kwa makosa yote: vocha si halali. Ukikosea herufi, si halali. Ikiisha muda, si halali. Ukiwa umeitumia tayari kwenye simu nyingine, si halali. Kisha ulifuta ulichoandika, ili usipate hata kulinganisha na kikaratasi.

Kisa cha "simu nyingine" kinastahili maneno machache, maana kilitokana na ushauri wa kaunta. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hazitoi tena anwani yao halisi ya kifaa (ile iitwayo MAC, tofauti na ya IP) kwa kila mtandao. Zinatengeneza ya kubuni kwa kila jina la waifai. Ni ulinzi mzuri wa faragha. Ila baadhi ya simu zikiambiwa zisahau mtandao zinaweza kurudi na anwani nyingine mpya, na mfumo wa vocha uliomfahamu mgeni kwa anwani ya kwanza unaiona simu ileile kama mgeni mwingine aliyeiba vocha. Kwa hiyo mgeni wa chumba cha nyuma, ambaye tatizo lake lilikuwa ukuta, alishauriwa asahau mtandao, akasogea karibu na kaunta ishara ikashika, kisha akaambiwa vocha aliyolipia asubuhi si halali. Hapo ndipo sauti zilipokuwa zikipanda.

Umeme ukirudi

Tatizo la nne lilijitokeza baada ya umeme kukatika na kurudi. Vocha zote, hata zilizochapwa dakika hiyo, zilikataliwa kwa muda fulani, kisha zikakubali zenyewe. Wafanyakazi walishazoea, walisema mfumo "unapasha". Kisanduku hiki, kama vingi vya bei yake, hakina betri ya kushikilia saa. Kikizimwa kinaamka kikiamini ni tarehe 1 Januari 1970, mpaka kiwasiliane na seva ya saa kwenye intaneti. Na intaneti inachelewa, kwa kuwa ruta ya laini nayo ndiyo kwanza inaamka. Katika muda huo mfumo unaona vocha iliyouzwa zaidi ya miaka hamsini mbele, unashindwa kuielewa, na unatoa jibu lake moja unalolijua.

Huwezi kumlaumu dada wa mapokezi kwa kutolijua hili. Unaweza kumlaumu aliyeandika programu, ambaye alikuwa na taarifa zote: tarehe ya mfumo ni 1970, haiwezekani kuwa kweli, kwa hiyo kosa si la vocha.

La tano ni lile ambalo kila mtu hulidhani la kwanza: laini yenyewe kukosa intaneti, ama bando limekwisha au mtandao wa simu umelegea. Lilikuwa na picha chache kuliko yote. Hapo simu nyingi husema ukweli, kwamba zimeunganishwa ila hakuna intaneti, na nyingine huhamia kimyakimya kwenye bando la mwenye simu. Ukurasa wa vocha ndio uliodanganya: uliendelea kupokea vocha, kuandika "karibu", na kuanza kuhesabu muda wa huduma ambayo haipo.

Maneno tuliyoandika

Ujumbe unaotokea kwenye simu yenyewe hatuwezi kuubadilisha. Tulichokuwa nacho mkononi ni ukurasa wa vocha, kikadi, na kaunta. Kipimo nilichokitumia kilikuwa kwamba kila ujumbe useme safari imekwama wapi, ni nani anayeweza kuikwamua, na afanye nini sasa hivi akiwa amesimama pale alipo. Ujumbe usiojibu la pili nilikuwa nauona bado haujaandikwa.

Vocha isiyojulikana ikawa hivi: "Namba hii hatuifahamu. Umeandika K7MP4. Linganisha na kikaratasi chako, kisha sahihisha hapa." Alichoandika kinabaki kwenye kisanduku cha kuandikia. Pia tukaondoa O, sifuri, I na moja kwenye vocha zote mpya, na ukurasa haujali tena herufi kubwa au ndogo. Makosa mengi ya kuandika yakafa hapo bila ujumbe wowote, na naona hiyo ndiyo huduma bora ya makosa: lile ambalo halitokei.

Vocha iliyokwisha muda inataja saa: "Vocha hii iliisha leo saa 4 asubuhi. Kuongeza muda, pita mapokezi." Ya simu nyingine inamwachia mgeni mwenyewe uamuzi: "Vocha hii inatumika kwenye kifaa kingine. Kama ni simu yako hii hii, bonyeza HAMISHIA HAPA." Akibonyeza, ile ya kwanza inakatwa. Kuna atakayesema hiyo ni nafasi ya wajanja kupokezana vocha. Wapokezane, ni mmoja tu anayeweza kuwa ndani kwa wakati mmoja.

Ya umeme inasema: "Umeme umerudi sasa hivi na mfumo bado unarekebisha saa yake. Vocha yako haina tatizo. Ukurasa huu utaendelea wenyewe." Na kweli unajaribu tena wenyewe, maana kumwambia mtu asubiri bila kumwambia mpaka lini ni kumrudisha kaunta.

Ujumbe wa laini kukatika ndio uliotugombanisha na mama mwenye nyumba. Kisanduku sasa kinapima intaneti kila baada ya muda mfupi, na ikikosekana ukurasa unaandika: "Intaneti imekatika tangu saa 2:10 usiku. Si simu yako wala vocha yako. Muda wa vocha umesimama." Mama aliusoma mara mbili.

"Mwanangu," akasema, "sasa unataka nyumba yangu ijitangazie yenyewe kwamba haina intaneti?"

Nikamjibu kwamba mgeni analijua hilo kabla yetu. Asichokijua ni kama aendelee kuhangaika na simu yake au aende kula mgebuka wake kwa amani. Hakukubali haraka. Alitaka tuongeze kwamba mafundi wanashughulikia. Nikakataa, kwa sababu saa mbili usiku hakuna fundi yeyote anayeshughulikia, na mgeni atakayepita kaunta na kumkuta dada peke yake atajua. Naye akakataa neno samahani kujazwa kila mstari. Alisema samahani nyingi huzaa maombi ya punguzo. Tukaridhiana. Na lile la kusimamisha muda wa vocha, ambalo ndilo limetuliza watu kuliko sentensi zote, lilitoka kwake: "Kama huduma haipo, namhesabia nini?"

Lugha ya ukurasa ni Kiswahili kwanza, kisha Kifaransa kwa ajili ya wageni wa Bujumbura na ng'ambo ya ziwa, kisha Kiingereza. Kikadi sasa kinachapwa, kina neno la siri lenye herufi ndogo tupu, maneno mawili ya kawaida yaliyounganishwa, na mchoro wa QR ambao simu za miaka ya karibuni huusoma kwa kamera na kuunganisha bila kuandika chochote. Kuna aliyeniuliza kama neno jepesi si hatari. Mlango wenye kazi ni wa vocha. Neno la siri lilishasambaa mtaani siku nyingi.

Kwa upande wa kaunta tulitengeneza ukurasa mdogo unaosoma kumbukumbu za kisanduku na kuzigeuza sentensi. "Kifaa kimejaribu saa 1:42, neno la siri halilingani." "Kifaa kimejaribu saa 1:45, ishara hafifu, mazungumzo yalikatika." "Anwani zimebaki 12." Dada wa mapokezi anaufungua kwenye simu yake mwenyewe. Ameacha kuwaambia watu wasahau mtandao, isipokuwa mstari wa kwanza ukitokea.

Vyumba vya nyuma bado

Hakuna sentensi inayopenya ukuta wa tofali. Kile kifaa cha kuongeza ishara cha kwenye ngazi kilikuwa kikisikia kisanduku vibaya na kurudia kile kibaya kilichosikia, na kilikaa kwenye chaneli moja na jirani wawili. Tukahamishia kisanduku chaneli 11 na kifaa kikakifuata, ikapatikana nafuu kidogo. Dawa ya kweli ni kuvuta kebo hadi uani na kufunga kisambazaji cha pili juu ya mlango wa ukumbi, kiwahudumie wanasemina na vyumba vile kwa pamoja. Mama ameshakubali kwa gharama ile aliyotaka kuipeleka kwenye bando. Mpaka ifungwe, wageni wenye kazi za mtandaoni wanapewa vyumba vya mbele, na wale wa nyuma wanaambiwa kaunta kabla ya kulipa kwamba waifai huko ni ya kubahatisha, waikute barazani.